Kifaa Kiulizwe Chenyewe: Anwani za Mtandao na Ushahidi wa SNMP

Mali bila daftari hupotea bila habari, na anwani za mtandao ni mali. Kila ruta, swichi, printa, seva na kamera ya ulinzi ina anwani moja au zaidi, na hakuna awezaye kuutunza mtandao bila kujua anwani ipi iko wapi, imewekwa na nani, na iko kwenye mlango upi wa kifaa kipi. Mahali pengi daftari la mali hiyo ni faili la Excel lililoanzishwa siku mtandao ulipowekwa, likaongezwa mistari na kila fundi aliyepita, na leo hakuna anayethubutu kuapa kwamba linasema kweli. Mtandao ukisimama, watu hulifungua faili hilo, hulitilia shaka, kisha huanza kubahatisha. Hoja ya makala hii ni kwamba ushahidi wa kwanza kuhusu anwani za kifaa unapaswa kutoka kwa kifaa chenyewe, na kwamba njia ya kukiuliza ipo, ni ya bure, na imekuwamo ndani ya vifaa vingi kwa zaidi ya miaka 30: itifaki ya SNMP. Lakini jibu la kifaa hufaa kwa masharti matatu. Kiulizwe swali lililo sahihi, swali hilo lipite njia iliyolindwa, na jibu lake lilinganishwe na majibu ya majirani wake. Sharti moja likikosekana, chombo hiki kizuri hugeuka chanzo cha upotoshaji au mlango wa mwizi.

SNMP, yaani itifaki rahisi ya kusimamia mtandao, ilizaliwa wakati intaneti ilipoanza kuwa kubwa kuliko macho ya wasimamizi wake. Mwaka 1987 ilitangulia itifaki ndogo ya kufuatilia malango ya mtandao, SGMP. Agosti 1988 SNMP ikatolewa katika waraka RFC 1067, na Mei 1990 ikatulia katika RFC 1157, kazi ya Jeffrey Case, Mark Fedor, Martin Schoffstall na James Davin. Waliamua jambo moja ambalo ndilo limeifanya idumu: mzigo wa kufikiri ubebwe na kompyuta ya msimamizi, na kifaa kinachosimamiwa kibaki na programu ndogo tu, iitwayo wakala, ambayo kazi yake ni kujibu. Msimamizi hutuma pakiti fupi ya UDP kwenye bandari namba 161, na wakala hurudisha thamani iliyoombwa. Maswali hayatumii majina bali namba, zilizopangwa kama matawi. Namba 1.3.6.1.2.1 husomeka hivi: shirika la kimataifa la viwango, mashirika yaliyo chini yake, Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliyogharimia intaneti ya mwanzo, intaneti, usimamizi, na mwisho orodha ya kawaida iitwayo MIB-2. Chini ya namba hizo kila kifaa, kiwe cha kampuni yoyote, huweka taarifa ileile mahali palepale. Huo ndio uzito wa jambo lenyewe. Fundi hahitaji kujua amri za kila mtengenezaji, maana swali moja hulifikia kundi zima la vifaa.

Tulitazame swali hilo kwa karibu. Waraka RFC 1213 wa Machi 1991 una jedwali la anwani za IP kwenye namba 1.3.6.1.2.1.4.20, liitwalo ipAddrTable. Safu ya kwanza ina anwani, ya pili ina namba ya kiolesura inakokaa anwani hiyo, ya tatu ina kinyago cha mtandao wake. Tuseme ruta ina anwani 192.0.2.1, mojawapo ya zile zilizotengwa kwa ajili ya mifano ya vitabuni. Ukiuliza safu ya pili utapata mstari huu: 1.3.6.1.2.1.4.20.1.2.192.0.2.1 = 3. Maana yake ni kwamba anwani hiyo iko kwenye kiolesura namba 3. Hapo unahamia jedwali la violesura, lililo kwenye 1.3.6.1.2.1.2.2, ambako namba 3 ina maelezo yake, hali yake ya kuwaka au kuzimwa, na anwani yake ya MAC. Ukiongeza jedwali la pili la violesura utapata pia lebo ambayo fundi mwenyewe aliiandika, kama vile «kuelekea ghorofa ya pili». Kwa maswali machache umejua anwani, ukubwa wa mtandao wake, mlango wake na matumizi yake. Na hukuhitaji kuijua anwani hata moja kabla ya kuuliza, ukiacha ile uliyoitumia kukifikia kifaa. SNMP ina swali la «nipe kinachofuata», na programu kama snmpwalk ya mradi wa Net-SNMP hulirudia swali hilo mpaka jedwali liishe. Kifaa chenye anwani 40 kitazitaja zote 40, pamoja na zile ambazo hakuna mtu ofisini aliyezikumbuka.

Hapa ndipo sharti la kwanza, la kuuliza swali sahihi, linapojitokeza, na ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Jedwali la mwaka 1991 lilitengenezwa kwa ajili ya IPv4 peke yake, kwa sababu nafasi ya anwani ndani yake ni baiti 4 tu, wakati anwani ya IPv6 ni baiti 16. Desemba 1998 waraka RFC 2465 ulileta majedwali tofauti ya IPv6. Kisha Aprili 2006 RFC 4293 ikayaweka kando yote mawili na kuleta jedwali moja linalobeba aina zote za anwani, ipAddressTable, kwenye namba 1.3.6.1.2.1.4.34. Jedwali la zamani likatangazwa kuwa limepitwa, lakini halikuondolewa kwenye vifaa, kwa kuwa programu nyingi zililitegemea. Matokeo yake ni hatari ya kimyakimya. Ruta yenye anwani 10 za IPv4 na 10 za IPv6, ikiulizwa kwa namba ya zamani, hutoa 10 tu, bila onyo na bila kosa lolote. Msimamizi huondoka akiamini ameona zote. Shirika linaloamini kwamba halitumii IPv6 linaweza kuwa na mifumo inayojipa anwani hizo zenyewe kila inapowashwa, nazo hazionekani kwenye ripoti kwa sababu tu ripoti inauliza swali la mwaka 1991. Kwa hiyo pale unapoletewa orodha ya anwani iliyotolewa na programu ya usimamizi, uliza kwanza ilisoma jedwali gani.

Jedwali jipya lina ugumu wake, na ugumu huo umewashinda waandishi wengi wa programu. Ndani yake safu ya anwani haisomeki. Ukiiomba, hupewi kitu. Anwani imefichwa ndani ya namba ya swali lenyewe, na mwulizaji lazima aichambue. Mstari wa ruta yetu ya mfano utakuwa 1.3.6.1.2.1.4.34.1.3.1.4.192.0.2.1 = 3. Baada ya namba ya safu, ambayo ni 3, inakuja 1 yenye maana ya IPv4, kisha 4 yenye maana ya baiti 4, ndipo anwani inafuata. Kwa IPv6 huja 2, kisha 16, kisha namba 16: anwani ya mfano 2001:db8::1 huonekana kama 32.1.13.184, ikifuatiwa na sifuri 11, kisha 1. Anayezoea kusoma upande wa kulia wa alama ya usawa ataona 3 tu na kudhani jedwali halina faida. Lakini anayejua kulisoma hupata zaidi ya alichopata mwanzo. Safu ya 6 hueleza asili ya anwani: iliwekwa kwa mkono, ilitolewa na seva ya DHCP, ilitengenezwa kutokana na anwani ya MAC, au ilichaguliwa kwa bahati nasibu. Safu ya 7 hueleza hali yake, na miongoni mwa hali hizo imo ile inayosema kwamba anwani hii imegunduliwa kuwa imerudiwa kwenye mtandao. Anwani kurudiwa ni ugonjwa unaoweza kula siku nzima ya fundi, na huku kifaa kinacholijaza jedwali lake ipasavyo kinaweza kuwa tayari kimeuandika. Kimekosa mtu wa kukiuliza tu.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote si lazima, kwa kuwa mtandao unaweza kupigwa ping kuanzia anwani ya kwanza hadi ya mwisho na kila kilicho hai kikajitokeza. Hoja hii ina nguvu kwenye mtandao mdogo wa IPv4, ambako anwani 254 hupigwa kwa muda mfupi sana. Lakini ping huthibitisha jambo moja tu, kwamba kitu fulani kimejibu. Haisemi ni kifaa gani, wala haisemi kwamba majibu matano yametoka kwenye ruta moja yenye anwani tano, na kwa kifaa ambacho ukuta wake wa moto umezuia ping haisemi chochote. Kwa IPv6 njia hiyo inakufa kabisa. Mtandao mmoja wa kawaida wa IPv6 una anwani 2 kwa kipeo cha 64, yaani zaidi ya trilioni milioni 18. Mashine inayopiga anwani milioni moja kila sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 580,000 kuumaliza. Kumbukumbu za seva ya DHCP nazo ni shahidi mzuri, lakini zinajua tu anwani ambazo seva hiyo imezigawa. Anwani iliyowekwa kwa mkono, ambayo ndiyo kawaida ya ruta na seva, na mara nyingi ndiyo chanzo cha migongano, haimo. Ping na DHCP ni mashahidi wa nje. Wanaweza kuthibitisha au kutia shaka, lakini hawawezi kuchukua nafasi ya kauli ya kifaa kuhusu mipangilio yake.

Thamani ya kuuliza huongezeka zaidi ukitambua kwamba kifaa hujua pia habari za majirani zake. Ruta hutunza jedwali linalounganisha anwani za IP za majirani na anwani zao za MAC, nalo husomeka kwenye 1.3.6.1.2.1.4.22 kwa IPv4, na kwenye 4.35 ya tawi hilohilo kwa aina zote. Swichi nayo hutunza jedwali linaloonyesha kila MAC imesikika kupitia mlango upi, kwenye 1.3.6.1.2.1.17.4.3. Unganisha majibu hayo mawili na umepata mnyororo kamili: anwani hii ya IP ni ya MAC hii, na MAC hii iko kwenye mlango namba 14 wa swichi ile. Hivyo ndivyo kompyuta iliyoambukizwa virusi hupatikana ndani ya jengo la ghorofa nane bila fundi kupanda ngazi na kung'oa waya mmoja baada ya mwingine. Hata kifaa kisichojua SNMP kabisa huonekana, kwa kuwa walioulizwa ni jirani zake. Ila ulinganishaji huu unadai kujua umri wa kila jibu. Swichi kwa kawaida humsahau aliyenyamaza baada ya sekunde 300, ilhali ruta za Cisco, zikiachwa na mipangilio ya kiwandani, hushikilia jozi ya IP na MAC kwa saa 4. Asiyejua tofauti hiyo atashangaa kuona ruta ikikikumbuka kifaa ambacho swichi inakikana, na atadhani moja kati yake ni mbovu, kumbe zote mbili zinasema kweli kuhusu nyakati tofauti. Aidha simu za leo hubadilisha MAC zao: Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019 na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020 hutumia kwa kawaida anwani ya kubuni kwa kila mtandao wa Wi-Fi. Kwa simu za wageni, basi, mnyororo huu utakuonyesha mahali kifaa kilipo lakini hautakuhakikishia ni kifaa cha nani.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la usalama, na halipaswi kujibiwa kwa juujuu. Toleo la kwanza la SNMP, na toleo la 2c la mwaka 1996, hulindwa na neno moja linalosafirishwa wazi ndani ya pakiti, na neno hilo kwenye vifaa vingi lilitoka kiwandani likiwa «public». Yeyote anayelijua husoma kila kitu tulichokisifu hapo juu. Ramani inayomsaidia msimamizi humsaidia mvamizi kwa kiwango kilekile. Februari 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, walionyesha kwamba mawakala wa SNMP wa watengenezaji wengi waliweza kuangushwa au kutekwa kwa pakiti zilizotungwa vibaya. Mwaka 2014 idara ya usalama wa mitandao ya Marekani iliiweka SNMP kwenye orodha ya itifaki zinazotumiwa kukuza mashambulizi ya mafuriko, maana pakiti ndogo ya kuuliza huzaa jibu kubwa linaloelekezwa kwa mtu mwingine. Aprili 2023 vyombo vya usalama vya Uingereza na Marekani vilitangaza kwa pamoja kwamba mwaka 2021 kundi la wadukuzi APT28, wanalolihusisha na ujasusi wa kijeshi wa Urusi, lilitumia SNMP kuingia kwenye ruta za Cisco kupitia udhaifu ambao kiraka chake kilikuwa kimetolewa tangu 2017. Miongoni mwa waathirika walikuwemo wachache Ulaya, taasisi za serikali ya Marekani, na takriban 250 nchini Ukraine. Tangazo hilo lilitaja maneno dhaifu ya kiwandani kuwa sehemu ya mlango uliotumika.

Je, ushahidi huu unatulazimisha kuizima SNMP? Unatulazimisha kuacha kuitumia kizembe. Toleo la 3, lililofanywa kiwango kamili Desemba 2002, lina uthibitisho wa mtumiaji, usimbaji wa ujumbe, na uwezo wa kumruhusu msomaji tawi moja tu la namba. Msomaji wa anwani anaweza kupewa tawi la anwani na la violesura, basi, na ruhusa ya kuandika isitolewe kwa mtu yeyote. Hata hivyo toleo la 3 nalo lina mwanya. Mwaka 2021 watafiti Taha Albakour, Oliver Gasser, Robert Beverly na Georgios Smaragdakis walionyesha kwamba kifaa chenye toleo hilo, kabla ya kumthibitisha mwulizaji, humpa kitambulisho cha injini yake na muda tangu kilipowashwa, na mara nyingi kitambulisho hicho kimebeba MAC. Kwa kuuliza intaneti nzima walipata vifaa milioni 4.6 vilivyojibu, kati yake ruta zipatazo 350,000, wakaweza kutambua ni anwani zipi tofauti zinazomilikiwa na ruta moja. Funzo lake ni kwamba nywila nzuri haitoshi. Bandari ya 161 haina kazi yoyote kwenye mpaka wa nje wa mtandao. Ifungwe huko, na ndani iruhusiwe kwa kompyuta ya usimamizi pekee, kwenye mtandao wake uliotengwa. Shirika lililofanya hivyo hubaki na faida zote za kuuliza, na ajaribuye kuuliza kutoka nje hukuta kimya. Na pale kifaa kinapojua matoleo ya zamani tu, hukumu yangu ni kwamba kiulizwe ndani ya mtandao huo uliotengwa, kwa neno jipya lisilokisika, na kiwekwe kwenye orodha ya vifaa vya kubadilishwa.

Pingamizi la pili linasema kwamba SNMP ni mzee anayestaafu. Ni kweli kwamba mwaka 2002 bodi ya usanifu wa intaneti iliwakutanisha waendeshaji wa mitandao na watunga itifaki, na kumbukumbu ya mkutano huo, RFC 3535, ilikiri kwamba waendeshaji hawaitumii SNMP kupanga mipangilio ya vifaa. Kutokana na malalamiko hayo ilizaliwa NETCONF mwaka 2006 na lugha ya YANG mwaka 2010, na mwaka 2014 wakuu wa IETF, shirika linalotunga viwango vya intaneti, wakashauri kwamba kazi mpya za kupanga mipangilio zielekezwe huko. Lakini ushauri huo ulihusu kuandika ndani ya kifaa, na sisi tunazungumzia kusoma. Katika kusoma, SNMP bado inafika mahali ambapo warithi wake hawajafika: kwenye printa, kwenye UPS, kwenye redio za kuunganisha majengo, kwenye swichi ya bei nafuu iliyonunuliwa miaka 10 iliyopita na ambayo haina dalili ya kufa. Tena, YANG ina kielelezo chake cha anwani za IP, kilichohuishwa katika RFC 8344 ya mwaka 2018, na ukikisoma utakuta fikra ileile: kiolesura, anwani zake, asili ya kila anwani, hali yake. Siku SNMP itakapozikwa, kanuni ya kukiuliza kifaa itakuwa imehamia kwa mrithi ikiwa nzima. Mwenye vifaa vipya vinavyojua NETCONF aitumie hiyo. Mwenye mchanganyiko, na wengi ndio hao, hana sababu ya kusubiri.

Pingamizi la tatu ni la kifundi zaidi: vifaa navyo hukosea. Namba ya kiolesura inaweza kubadilika kifaa kikizimwa na kuwashwa, ikiwa mtengenezaji hakuihifadhi, na programu iliyokariri kwamba kiolesura 3 ndicho cha ghorofa ya pili itapotosha kuanzia siku hiyo. Ruta iliyogawanywa kuwa ruta kadhaa za kimantiki inaweza kuwa na anwani moja mara mbili, na jedwali la zamani, ambalo hutambua kila mstari kwa anwani yake, halina nafasi ya kuzionyesha zote. Nyuma ya NAT, anwani inayoonekana na dunia inaweza isiwemo kwenye jedwali lolote la kifaa kinachoulizwa. Watengenezaji wengine hujaza nusu ya jedwali jipya na kuacha nusu. Yote hayo ni kweli, na ndiyo sababu sharti la kulinganisha haliepukiki. Jibu la kifaa liunganishwe na jina la kiolesura badala ya namba yake, lisomwe kwenye jedwali jipya na la zamani kwa pamoja, lipewe tarehe na saa, kisha liwekwe kando ya daftari na kando ya majibu ya ruta na swichi jirani. Kosa la kifaa kimoja hujitokeza pale majirani wanapokataa kukiunga mkono. Kosa la daftari lisilolinganishwa na chochote halijitokezi kamwe, mpaka siku ya hasara. Kwa hiyo swali la haki si kama vifaa hukosea. Swali ni njia ipi hufichua makosa yake mapema, na kwa kipimo hicho kuuliza vifaa kunashinda.

Tuwe wazi pia kuhusu nafasi ya daftari, kwa sababu hoja hii ikipelekwa mbali mno hugeuka ubaya. Kifaa hueleza kilivyo. Hakiwezi kueleza kilivyotakiwa kuwa. Ruta yenye anwani isiyostahili itaitaja kwa uaminifu uleule inaoitaja anwani halali, na daftari peke yake ndilo linaloweza kusema kwamba anwani hii ilipangiwa maabara na wala si chumba cha walinzi. Kazi ya usimamizi imo kwenye tofauti kati ya viwili hivyo. Iliyomo kwenye kifaa na haimo kwenye daftari huenda ni kifaa kilichoingizwa kinyemela, au kazi ya haraka iliyosahauliwa kuandikwa. Iliyomo kwenye daftari na haimo kwenye kifaa chochote huenda ni mali iliyolala inayoweza kurejeshwa. Ripoti ya kila wiki isiwe orodha ya anwani zote, ambayo hakuna atakayeisoma, bali orodha fupi ya tofauti, na kila tofauti iwe na mtu wa kuifunga.

Kwa taasisi za Afrika ya Mashariki suala hili lina uzito wa ziada, kwa sababu anwani za IPv4 zimekuwa adimu. AFRINIC, msajili wa anwani wa bara letu mwenye makao Mauritius, aliingia Januari 2020 katika awamu ya pili ya kuishiwa, ambamo mwombaji hupata si zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Chuo, benki au halmashauri inayokaa juu ya anwani za umma zisizotumika, kwa kuwa tu haijui ziko wapi, inapoteza kitu ambacho jirani yake anakihitaji. Na upungufu huo ndio unaotusukuma kwenye IPv6, ambako, kama tulivyoona, kuhesabu kwa ping hakuwezekani na majedwali ya zamani hayaoni kitu. Ujuzi wenyewe si mgeni kwetu: kongamano la waendeshaji mitandao la AfNOG limekuwa likiwafundisha wahandisi wa Afrika tangu mwaka 2000, na ufuatiliaji wa mitandao ni sehemu ya mafunzo hayo. Sheria nazo zimefika. Jedwali linaloonyesha kifaa cha nani kilikuwa kwenye mlango gani saa ngapi linaweza kuwa taarifa ya mtu, na Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ina yake ya mwaka 2022. Anayekusanya majibu haya ayatunze kwa muda wenye kikomo na kwa macho ya wachache, na awe tayari kueleza ni kwa nini anayakusanya.

Basi wito wangu ni kwa mafundi na kwa wakuu wao. Fundi, funga bandari 161 kwenye mpaka wa mtandao wako leo, ondoa neno «public» popote lilipo, washa toleo la 3 kwa kusoma tu, kisha uliza jedwali la 4.34 pamoja na la 4.20 kwenye kila ruta na kila swichi, na uyaweke majibu kando ya daftari lako. Mkuu wa idara, usikubali tena kuletewa orodha ya anwani isiyo na tarehe wala maelezo ya ilikotoka. Mpe fundi wako muda wa kuzifunga tofauti atakazozikuta, kwa kuwa atazikuta nyingi mara ya kwanza, na wingi huo usimhukumu. Mtandao ambao vifaa vyake vinaulizwa kila siku unaweza bado kuwa na makosa, lakini yatajulikana na kurekebishwa wakati bado ni madogo.